Kilio Katika Nyumba ya Nekesa

Senge Rodah, shangazi yangu, alipotoka hospitali mwezi uliopita, tulimpeleka kwa binti yangu huko Tassia, kwenye nyumba ya chini kabisa, asije akatuvunjikia kwenye ngazi. Daktari alikuwa ametuambia tujiandae kwa lolote, nasi tukajiandaa, tukalia machozi ya mapema, tukaanza hata kunong'onezana kuhusu mazishi. Mwanamke mwenyewe akazinduka baada ya upasuaji akauliza kama kuna chai. Basi Jumapili iliyofuata tulimchinjia kuku, tukamsongea ugali wa wimbi, tukaketi kumtazama akila kama watu wanaotazama fainali ya mpira. Wajukuu zangu walikuwa wamejibanza pembeni na simu, wanaangalia filamu ya mizuka: mlango unabamizwa, damu inatiririka ukutani, msichana anapanda dari kama mjusi. Senge akawauliza kama hiyo ni ya kuchekesha. Mkubwa wao akamjibu, "Shosh, hii ni noma, watu hawalali wakiiona." Senge akasema mtu akishakuonyesha meno yake yote, utamwogopea nini tena. Kisha akarudi kwenye paja lake la kuku.

Nilicheka mpaka nikatoka nje kupunga hewa. Watoto hawakujua wanaongea na nani. Nimefundisha fasihi maisha yangu yote, na miaka mingi nimewasomesha vijana zile hadithi za kizungu za majumba ya mawe, zenye mishumaa inayozimika yenyewe, na mke wa kwanza aliyefungiwa darini. Nimeandika ubaoni sifa za hadithi ya kutisha, wanafunzi wakazinakili, wakafaulu nazo kwenye mtihani. Lakini kila nilichojua hasa juu ya jambo hilo nilikijua kabla sijaingia chuo, mwaka nilioishi na Senge kwenye ploti moja ya Makadara, na aliyenifundisha ni yeye mwenyewe, mpishi wa kantini ya ofisi huko mjini, aliyeishia darasa la nne na ambaye ukimwambia neno fasihi atakuuliza linapikwaje.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne nikisubiri matokeo, na kusubiri kule kulichukua karibu mwaka mzima kwa sababu baada ya matokeo kulikuwa na kusubiri kwingine. Senge ni dada ya baba yangu. Hakujaliwa mtoto, na wote kwenye ploti walimwita Senge kama mimi, hata wale wasiojua neno lenyewe ni la wapi. Chumba chetu kilikuwa kimoja, kimekatwa katikati kwa pazia la maua. Nyuma ya pazia kulikuwa na kitanda chake, na mbele kulikuwa na meza, redio iliyovishwa kitambaa cha kufuma, na godoro langu lililosimamishwa ukutani mchana. Kilinukia mafuta ya taa na omena wa kukaangwa. Nje, vyumba vilijipanga safu mbili vikitazamana, na katikati palikuwa na bomba na sakafu ya saruji ya kufulia. Hapo bombani ndipo mambo yote yalikuwa yakiamuliwa, wanaume wakidhani wameyaamua wao.

Chumba cha mwisho, kile kilichogusana na ukuta wa nyuma, kilikuwa cha Nekesa. Mumewe Wafula, mfanyakazi wa reli, alikufa mwanzoni mwa mwaka akamwacha na mimba changa. Nilimpenda sana Nekesa. Alikuwa mshonaji, alicheka kwa kukoroma puani, na alinisuka nywele bila kunivuta. Miezi ilipokwenda miguu yake ikaanza kufura, macho yakawa yanaona ukungu, na mwishowe kaka yake akaja kumchukua ampeleke hospitali ya misheni huko kwetu magharibi, ambako angelala wodini hadi ajifungue. Siku ya kuondoka alimpa Senge ufunguo wake wa pili. "Senge, nilindie nyumba," akamwambia. "Nikirudi nikute mlango wangu." Hakuwa anasema kwa kupamba maneno. Kwa ndugu za marehemu hawakumtaka, kwa kaka yake hapakuwa na pa kulaza hata paka, na cherehani yake, ambayo ndiyo iliyomlisha, ilikuwa humo ndani. Akiikosa ile nyumba angekuwa mjane mwenye mtoto mchanga barabarani.

Kodi haikuwa shida, akina mama wa kanisa walikuwa wameishughulikia. Shida ilikuwa desturi ya pale. Watu wa ploti ile walisema nyumba isiyofuka moshi haina mwenyewe. Mpangaji asipoonekana muda mrefu, msimamizi wa ploti hutoa vitu vyake nje ya lango na kumwingiza mwingine, na niliwahi kuona kitanda cha mtu kikinyeshewa hapo siku nzima. Na waliokuwa wanakitaka chumba hicho walikuwepo. Wa kwanza alikuwa Mutiso, dereva wa lori, Mkamba mpole aliyekuwa amebanana na mkewe na watoto wao kwenye chumba kama chetu. Sitaki mtu amchukie Mutiso. Angekipata kihalali kwa desturi ya pale, na watoto wake walihitaji pa kunyoosha miguu.

Senge hakuanza kwa hadithi. Alianza kwa kuanua nguo. Kamba yetu ya kuanikia ilikuwa imefungwa kwenye dirisha la Nekesa, na mchana mmoja, Senge akiwa ametoka kantini, alizichukua nguo zote zikiwa bado majimaji akaenda kuzibana upande wa pili kwenye kivuli. Siku iliyofuata alipopita mbele ya mlango ule alishusha sauti katikati ya sentensi, akaipandisha tena alipoupita. Mama Ebby, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alivumilia hadi Ijumaa, akashindwa, akamuuliza bombani kuna nini kule mwisho. Senge akasugua kola ya shati. "Hakuna kitu," akasema. Mama Ebby hakulala siku hiyo, aliniambia mwenyewe.

Ilitoka vipande vipande, wiki baada ya wiki, na daima mchana, jua likiwaka, mikono ikiwa kwenye povu. Nilimuuliza kwa nini asisimulie jioni umeme ukipotea, kama watu wengine. Akasema ukimsimulia mtu gizani ataogopa giza, na kukipambazuka yameisha. Ukimsimulia mchana, giza atakwenda nalo mwenyewe nyumbani. Ili uelewe alichosimulia, ujue kwanza kwamba kwetu mtoto huchukua jina la mtu aliyekufa. Mtoto mchanga akilia bila kunyamaza, mwanamke mzee humpakata akamwitia majina ya marehemu wa ukoo mmoja mmoja, na lile atakalonyamazia ndilo lake, kwani huyo ndiye aliyekuwa akililia kukumbukwa. Jina la aliye hai haliitwi kamwe. Kumwita ni kama kumwonyesha njia ya kwenda kule wenzake waliko. Hilo halikuhitaji kuelezwa kwa Mama Ebby wala kwa nusu ya ploti, maana wote tulikuwa tumelilia majina yetu.

Sasa Senge akasema kwamba adhuhuri, watu wakiwa kazini, katika nyumba ile iliyofungwa kwa kufuli husikika mtoto akilia, si kwa nguvu, na sauti ya bibi ikimwitia majina. Bibi ameita muda mrefu. Amemaliza wafu wa kwao, akaenda kwa wafu wa majirani, na mtoto hanyamazi. "Na wafu nao wana mwisho," akasema Senge. Akakamua shuka, akaenda kulianika upande wa pili. Mama Ebby alibaki amesimama, ndoo yake ikifurika hadi kwenye viatu. Hakuna aliyeambiwa bibi akimaliza wafu atafanya nini. Kila mtu alijijibu mwenyewe, na kila mtu alijijibu kwa jina lake. Nimesoma vitabu vingi tangu hapo, na bado naona waandishi wakikosea papo hapo, wanamsukuma mzuka jukwaani aimbe na kucheza, wakati msomaji alikuwa tayari amemtengeneza wake, tena mbaya zaidi.

Mama Ebby naye alikuwa mmoja wa hao waandishi. Hadithi ikamkolea, akaona haina chumvi ya kutosha, akaongeza macho mekundu kama makaa, minyororo, na damu inayochuruzika chini ya mlango siku za mvua. Wee! Haikupita wiki watoto wakawa wanaicheza, mmoja mzuka wengine wanakimbia, na wanaume wakirudi jioni wanaulizana kama minyororo imetiwa mafuta. Hata msimamizi wa ploti alicheka. Mambo yalikuwa yanaharibika waziwazi, maana kitu kinachochekesha hakilindi nyumba. Chakula cha usiku Senge alitafuna kwa hasira, akisema mtu akimvisha mzuka nguo zote hizo atakuwa hana tofauti na mpita njia. Kesho yake akaenda bombani akamkanusha Mama Ebby mbele ya kila mtu, kwa upole kabisa. Akasema watu waache uongo, ufunguo anao yeye, ameingia mle, hakuna macho wala minyororo wala damu. Watu wakaanza kupumua. "Ni mtoto tu," akamalizia, akafungulia maji. Tangu hapo hakuna aliyecheka tena.

Isipokuwa Mutiso. Alikuwa ameketi kwenye kizingiti chake na bakuli la muthokoi, akasikia yote, akatuuliza kwa nia njema kabisa tunaogopa nini. Kwao Ukambani, akasema, mtoto hupewa jina la babu hata babu akiwa hai. Yeye mwenyewe aliitwa Mutiso kwa babu yake Mutiso, na huyo babu ndiye aliyembeba mgongoni na kumfundisha kuchonga mbao, wakawa wanaitwa pamoja na kuitika pamoja. Bibi wa mle ndani akifika kwenye jina lake na aite, yeye ataitika. Akachota kijiko kingine. Hadithi iliyotunyima usingizi sisi ilikuwa imempita Mutiso kama upepo, kwa sababu kile ilichovunja hakikuwa chake. Mpaka leo mwanafunzi akiniandikia hadithi ya kutisha, jambo la kwanza ninalomuuliza ni anayetishwa ni mtoto wa nani na alilelewa vipi.

Wakati huohuo habari za Nekesa zilikuwa zimekatika. Mtu wa kanisani aliyesafiri upande ule alipita hospitalini kuulizia, na jioni aliporudi mke wa mchungaji alikuja kwetu, wakaketi na Senge kitandani nyuma ya pazia. Mimi nilikuwa nakatakata mboga mezani, na pazia ni nguo tu. Nilisikia kwamba wodini walimwambia yule msafiri kuwa kuna mjane wa kutoka Nairobi aliyefariki akijifungua, mama na mtoto wote, na jina hawakuwa na uhakika nalo. Mke wa mchungaji akaomba, akaondoka. Senge akatoka, akachukua kisu mkononi mwangu, akasema nakata vipande vinene mno. Alipika, hakula.

Lisilo budi likafika. Msimamizi akamwambia Mutiso ahamie Jumamosi. Asubuhi ya siku hiyo Mutiso, kwa heshima, akaja kumwomba Senge ufunguo, na Senge, badala ya kubishana, akampa. Akamwambia aingie mwenyewe aangalie, maana ndiye atakayetoa vitu vya mwenzake nje. Tulikuwa wengi pale bombani. Tulimwona akifungua kufuli, akiinama kupita mlangoni, na hakukaa ndani hata muda wa kuchemsha chai. Alipotoka alikuwa ameushika mkono wake mbali na mwili, anazitazama ncha za vidole. Akafunga kufuli mwenyewe, akalivuta kuhakikisha, akamrudishia Senge ufunguo.

"Nepi zimelowa," akasema.

Humo ndani, kwenye uzi uliovutwa kutoka cherehanini hadi dirishani, zilianikwa nepi za mtoto, zile nyeupe alizokuwa amezishona Nekesa kabla ya kuondoka, na zilikuwa zinadondosha maji. Mutiso alimwambia msimamizi kwamba atatafuta nafasi kwingine. Dereva aliyekuwa tayari kuitika akiitwa na mzimu alishindwa na nguo za mtoto, na hakuna aliyemcheka. Mimi nilijua kidogo zaidi ya wengine. Nilikuwa nimemsikia Senge akitoka alfajiri za Jumamosi na beseni, nikidhani anakwenda kufagia mle. Basi nikamwona ni bingwa, nikamgeukia nimkonyeze. Alikuwa anatazama chini, na uso wake haukuwa uso wa mtu aliyeshinda.

Halafu, Jumapili moja baada ya kanisa, wanawake wakiwa bombani wanaosha vyombo na sare za watoto, kilio kikasikika kutoka chumba cha mwisho. Si kwa nguvu. Kilio chembamba, kinakatika, kinaanza tena. Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja, lakini hakuna aliyebaki pale kuwasifu wahenga. Masufuria yalilia kwenye saruji. Mama Ebby alipoteza kiatu. Nami nilikimbia, sioni haya kusema, lakini aliyekuwa mbele yangu, aliyefika lango la barabarani kabla ya wote, gauni la kanisani limepandishwa hadi magotini, alikuwa Senge Rodah, mwenye hadithi yake. Nimewaambia wajukuu zangu sehemu hii wakacheka hadi wakajikunja, na mimi hucheka nikiisimulia. Siku ile sikucheka. Niliuona uso wake, na ulikuwa umekauka.

Mutiso alikuwa anaosha lori nje ya lango. Akatutazama, akatazama ndani, akaweka kitambaa chini, akaenda. Majina kwake hayakuwa kitu, na nadhani baada ya zile nepi alitaka kujua moja kwa moja. Tukamwona akibisha hodi kwenye mlango ule, hodi ya kawaida kabisa kama ya mtu aliyekuja kuomba chumvi, na mlango ukafunguliwa kutoka ndani. Akasimama hapo kidogo. Kisha akageuka, akatuita kwa sauti iliyokuwa nusu kicheko nusu kwikwi. "Senge, njoo. Mtu wako amerudi."

Nekesa alikuwa ameingia kwa ufunguo wake sisi tukiwa kanisani. Alikuwa amekonda, ngozi imepauka, lakini alikuwa yeye, ameketi kitandani mwake na mtoto kifuani, cherehani yake pembeni, mlango wake mbele yake. Yule mjane wa wodini alikuwa mwingine, Mungu amrehemu. Nekesa akatuuliza kwa nini watu wazima wanakimbia. Mama Ebby akaanza kulia na kucheka pamoja, mwingine akaenda kupika uji, na mimi nikaketi sakafuni nilipokuwa, nikashusha pumzi. Sijawahi tena kupumua vile, isipokuwa mwezi uliopita Senge alipoulizia chai.

Nekesa akaona nepi kwenye uzi, akanyoosha mkono akazigusa. Akauliza nani amezifua. Senge, ambaye alikuwa bado amesimama mlangoni ameshika fremu kwa mikono miwili, akasema ni yeye, kila wiki. Nekesa akauliza kwa nini, nazo zilikuwa hazijavaliwa.

"Tuliambiwa umekufa na mtoto wako," Senge akasema. "Yule bibi nilimtunga tu, nikulindie nyumba. Halafu habari ile ikaja. Nikawa nikiingia humu alfajiri kufua, najikuta namwitia mtoto majina, asiende bila jina. Mimi ndiye niliyekuwa humu, Nekesa. Leo niliposikia analia nikajua ameniitikia."

Akalia hapo mbele ya watu wote, mwanamke ambaye hakuwahi kulia hata kwenye mazishi ya mama yake. Nekesa akamwacha alie. Kisha akamwambia kwamba hospitalini hakukuwa na mwanamke mzee wa kwetu, hivyo mtoto hajaitiwa bado, na usiku na mchana ni kulia tu. Akamnyanyua, akampa. Senge akajifuta uso kwa kiwiko, akaketi kitandani, akamlaza mtoto mapajani, na sauti ilipomrudi akaanza. Alianza na marehemu mama yake Wafula, akaenda kwa bibi zake Nekesa, taratibu, akipumzika baada ya kila jina ili mtoto apate kufikiri. Wanawake wote wa ploti walikuwa wamejaa mlangoni, povu limewakaukia mikononi, na Mutiso nyuma yao amevua kofia, wanasikiliza wafu wakiitwa katika nyumba ile mchana kweupe, na hapakuwa na mtu aliyetaka kuondoka.